Kinywa cha Igoki

Siku ya kuniaga, mmoja wenu alisimama akasema kwamba kwa miaka yote hii nimewapa watoto wa Meru tabasamu. Watu walipiga makofi, nami nikapiga pia, maana chai ilikuwa inapoa na sikutaka kuichelewesha. Lakini neno lile limenikaa vibaya tangu siku hiyo. Mmeniomba niandike nilivyoanza kazi, ili wanaoingia sasa, wenye taa za umeme na viti vinavyojiinua vyenyewe, wajue tulivyofanya sisi. Nitaandika. Ila nitakaa zaidi kwenye miaka ya Hali ya Hatari, na humo sina tabasamu nyingi za kuwaonyesha.

Mimi ni mzaliwa wa Majengo. Baba alikuwa mchinjaji, bucha yake haikuwa mbali na msikiti. Mama alichanganya damu ya Kikamba na ya Kinubi, majirani zetu walikuwa wa kila kabila, na kwa hiyo nyumbani tulisema Kiswahili na sokoni Kimeru. Lugha hizo mbili ndizo zilizonipa kazi. Daktari Kanti, Mhindi aliyefungua kliniki ya meno nyuma ya duka la nguo pale mjini, alikuwa anatafuta msichana wa kuzungumza na watoto. Alimuuliza baba, ingawa yeye mwenyewe hakuwa mla nyama na hakuwa na sababu nyingine ya kusimama mbele ya bucha.

"Mchukue Hadija," baba alimwambia. "Huyu damu haimtishi."

Ni kweli haikunitisha. Kilichonitisha ni macho. Mbuzi haangalii mtu akitaka aambiwe jambo. Mtoto aliyeketi kwenye kiti cha meno haangalii koleo wala daktari, anakuangalia wewe uliyesimama kando, kwa sababu wewe unafanana na dada yake, na anangoja umwambie kwamba haya yote ni mchezo. Siku yangu ya kwanza niliangaliwa hivyo na msichana mmoja, nikageuza uso ukutani. Akaniuma kidole. Nilistahili.

Kliniki ilikuwa vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na benchi la kungojea na picha ya mlima wenye theluji ambao si wetu. Cha nyuma kilikuwa na kiti cha chuma chenye ngozi iliyopasuka, na sanduku la mbao la kuwaketisha wadogo juu yake ili wafikie kimo. Mashine ya kutoboa jino ilizungushwa kwa mguu kama cherehani, na kuikanyaga ikawa kazi yangu. Nikikanyaga polepole, ncha ilikwama ndani ya jino. Nikikanyaga mbio, jino lilipata moto na mtoto akaruka. Sindano za ganzi hatukuzitupa. Tulizichemsha kwenye sufuria juu ya stovu ya mafuta ya taa, na zikianza kuwa butu tulizinoa kwenye jiwe dogo la mafuta, kisha tukazipitisha kwenye pamba ili kuona kama bado zinashika nyuzi. Kila kitu kilinuka mafuta ya karafuu, hata nywele zangu. Mama alisema narudi kutoka kazini nikinuka pilau lakini sileti sahani.

Aliyenifundisha kazi ni Njeru, Mwembu wa makamo, dresa, yaani msaidizi wa tiba, aliyepitia hospitali ya misheni kabla ya kuja kwa Daktari Kanti. Wote tulimwita Baba Igoki, kwa jina la binti yake wa pekee. Alikuwa mtu mkimya, mwenye mikono mikubwa kuliko kazi yenyewe. Alinifundisha kushika kichwa cha mtoto. Wengi wenu mnakibana, nimewaona. Njeru alikiegemeza ubavuni mwake, kiganja kimoja juu ya paji la uso, kingine chini ya taya, na mtoto alipomsikia mtu mzima anapumua taratibu, baada ya muda naye akaanza kupumua vivyo hivyo. Hapo ndipo Daktari alipoingiza koleo. "Usimshike asiende," Njeru aliniambia. "Mshike asianguke."

Mke wake, Rwamba, alibaki shambani upande wa Embu, na mara chache alikuja Meru kumtembelea akiwa na mtoto. Igoki alikuwa mdogo bado, anaanza kutamka maneno vizuri. Alipanda kile kiti bila kuambiwa, akaachama hadi koo likaonekana, kisha akatungoja tumsifu. Tulimsifu. Daktari Kanti alikuwa anaacha chai yake ili aje kumsifu.

Kesi moja ya siku hizo naitaja kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kuogopa. Bibi mmoja wa Igembe alileta mjukuu aliyevimba uso mpaka jicho limefumba. Walikuwa wamemngojea apone. Njeru aligusa chini ya taya la yule mtoto, akatikisa kichwa, akamwita Daktari aache mgonjwa mwingine. Walitumbua jipu, usaha ukatoka mwingi, jino likang'olewa, na kufikia jioni yule mtoto alikuwa anaomba uji. Njeru akanieleza tukiwa tunaosha vyombo. "Jino ni kitu kidogo, lakini sumu yake ina njia. Ikipanda inakwenda kwenye jicho. Ikishuka inakwenda kooni. Ukiona uvimbe umeshuka shingoni, usimwache mtoto arudi nyumbani, hata mama yake akikutukana."

Kisha serikali ya mkoloni ikatangaza Hali ya Hatari dhidi ya wapiganaji wa msituni, na benchi letu likaanza kubaki tupu.

Si kwamba meno yaliacha kuuma. Mama wa Kimeru au wa Kiembu hakuweza tena kumfunga mtoto mgongoni na kuja mjini. Alihitaji pasi ya kusafiria, na mwenye kutoa pasi alitaka kujua kwanza mume wake yuko wapi. Waliofika walifika wamechelewa, nyuso zimevimba, wakisindikizwa na homgadi, mlinzi mwenyeji wa serikali, mwenye bunduki, ambaye naye alikaa kwenye benchi akiangalia ule mlima wa kwenye picha. Maafisa hawakukosa pasi. Jino la afisa lilipouma saa mbili, saa tatu alikuwa kwenye kiti.

Sisi watu wa Majengo tulisumbuliwa kidogo kuliko wengine. Njeru hakuwa na bahati hiyo. Daktari Kanti alimtafutia karatasi za kuonyesha kwamba anafanya kazi kwake, na kwa muda zilisaidia. Asubuhi moja askari waliingia hadi chumba cha nyuma. Njeru alikuwa ameshika kichwa cha mtoto na Daktari alikuwa ameshaingiza koleo mdomoni. Sokoni walikuwa wamewapanga mstari wafanyakazi kutoka Embu na Kikuyu mbele ya mchongezi aliyefunikwa gunia asijulikane, na yule mtu alikuwa ametaja jina la Njeru bila hata kumwona.

"Ngojeni atoe jino," Njeru aliwaambia.

"Wewe ndiye unatakiwa, si jino," askari alijibu.

Njeru hakubishana. Aliniita. "Njoo ushike hapa." Akaichukua mikono yangu, mmoja akauweka kwenye paji la mtoto, mwingine chini ya taya, akausogeza kidogo kushoto mpaka ukakaa sawa. Kisha akaondoa yake. Walimtoa akiwa na aproni. Jino lilitoka, mtoto akatema damu, na mimi nikabaki nimeshika.

Daktari Kanti alikwenda bomani kumwombea. Huko aliambiwa ashughulike na meno. Alirudi, akanawa mikono kwa muda mrefu, akaniambia kuanzia kesho nitafanya kazi ya Njeru na yangu pia. Tulisikia baadaye kwamba yuko kizuizini, mara kambi hii, mara ile, mbali. Hatukupata neno lake hata moja.

Wakati huohuo serikali ilikuwa inawatoa watu wa Embu na Meru kwenye mashamba yao na kuwakusanya vijijini. Mmezaliwa baada ya hayo, kwa hiyo neno kijiji kwenu ni neno zuri. Kijiji cha wakati ule kilikuwa nyumba zilizobanana, zimezungukwa na handaki lililojaa miti iliyochongwa ncha, lenye lango moja na kituo cha homgadi juu ya lango. Watu waliruhusiwa kwenda shambani kwa muda mfupi, mchana, chini ya ulinzi, na muda uliobaki walichimba lile handaki. Chakula kilikuwa kidogo, na mimea iliyobaki shambani ilijiozea.

Daktari Kanti alikuwa amekubaliana na serikali kwenda Embu mara moja kwa mwezi kuwaona watoto wa vijiji. Tulikwenda kwa gari lake dogo, barabara ya udongo ya Chuka, bonde baada ya bonde, na kizuizi cha askari karibu kila daraja. Tuliweka meza chini ya kituo cha homgadi, watoto wakapanga mstari. Nilikuwa nimezoea meno mabovu. Huko sikuona meno mabovu mengi, maana sukari haikuwapo. Niliona ufizi uliovimba, unaochuruzika damu ukiugusa kwa pamba, mtoto baada ya mtoto, na miguu iliyojaa maji, na nywele zilizogeuka rangi. Daktari alitazama vinywa kadhaa, kisha akaweka kioo chake mezani.

"Haya si maradhi ya meno, Hadija," alisema. "Hii ni njaa."

Surua ilikuwa imepita kijijini. Njiani aliniambia anachoogopa. Kuna ugonjwa unaomshika mtoto mwenye njaa akitoka kuugua surua. Huanza na kidonda kidogo kwenye ufizi na harufu mbaya. Ukiwahiwa kwa penisilini na chakula, mtoto hupona bila alama. Ukicheleweshwa, kwa siku chache tu shavu huwa jeusi na kuanguka. Nilimsikiliza kama mtu anayesikiliza habari za nchi nyingine.

Safari iliyofuata, katika kijiji kilicho juu ya Runyenjes, mwanamke alitoka kwenye mstari kabla ya zamu yake. Sikumtambua mpaka alipotaja jina langu. Alikuwa Rwamba.

"Mama Igoki," nikasema, "umepungua."

"Sisi wote," alijibu. "Angalia mtoto kwanza."

Igoki alikuwa amefika umri wa kuanza kung'oka meno ya utoto. Alipanda kwenye kiti cha kukunja, akaachama kama alivyozoea, ila safari hii aliachama kidogo, kwa sababu iliuma. Harufu ilitoka kabla sijainama. Nimekulia buchani, na sijawahi kunusa kitu kama kile. Upande wa kushoto, kwenye ufizi juu ya jino la kutafunia, palikuwa na kidonda cha kijivu, si kikubwa kuliko punje ya hindi. Shavu kwa nje lilikuwa limevimba kidogo na kung'aa.

"Tangu lini?" Daktari aliuliza.

"Tangu surua iishe. Anakula uji tu, na hata huo anakataa."

Daktari alinivuta kando. "Hatuondoki bila huyu. Akifika hospitali leo, atapona."

Hedimani, mkuu wa kijiji, alikuwa mtu wa pale pale, amevaa koti la jeshi lililomzidi. Alimsikiliza Daktari hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Hii mtoto haiwezi kutoka. Ni ya mtu ya kizuizini. Bwana D.O. amesema hawa hawatoki mpaka mama aseme kila kitu anajua."

"Nimesema sijui kitu," Rwamba alisema. "Nimesema mara nyingi."

"Mama abaki," Daktari akasema. "Nipe mtoto peke yake. Ana nini cha kukueleza?"

Hedimani alitazama chini. "Daktari, mimi pia niko na watoto hapa ndani. Nikifungua hiyo lango bila karatasi, mimi ndio nitaenda kwa hiyo kambi. Ongea na D.O."

D.O., yule afisa Mzungu wa wilaya, alikuwa msituni na askari wake, na hakuna aliyejua atarudi lini. Daktari Kanti alimchoma Igoki sindano ya penisilini, akamwachia Rwamba vidonge na mkebe wa maziwa ya unga, akamwonyesha namna ya kuosha kidonda kwa maji ya chumvi. Tukaenda Embu mjini. Kutwa nzima alikaa kwenye baraza la ofisi. Alipoingizwa mwishowe, aliambiwa kwamba mambo ya kijiji kile ni ya D.O. mwenyewe. Tukarudi Meru. Alifunga kliniki wiki iliyofuata, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwa Diwali, tukapita tena barabara ile.

D.O. alikuwapo langoni safari hii, kijana mwenye uso uliobabuka kwa jua. Alitia sahihi haraka, hata hakuuliza maswali. Tukaingia kijijini tukiwa na ruhusa yetu.

Rwamba alikuwa ameketi nje ya nyumba, Igoki amelala mapajani, akifukuza nzi kwa kitawi. Shavu la kushoto lilikuwa jeusi, limekauka kama ngozi ya ngoma, na kuanzia pembe ya mdomo lilikuwa limeachana na uso. Meno yake yalionekana kutoka nje. Nilijikuta nayatazama kikazi. Yalikuwa meupe, mazima, hakuna hata moja lililooza.

Vidonge alikuwa amempa vyote. Maziwa hakuyaona, mkebe ulichukuliwa na homgadi mara tu gari letu lilipoondoka. Tulipompitisha Igoki langoni akiwa amefungwa shuka, niliuona kwenye kituo chao, karibu na birika.

D.O. alisogea, akafunua shuka, akalirudisha. "Kwa nini hamkusema ni mbaya kiasi hiki?" aliuliza.

Daktari Kanti aliingia kwenye gari, akawasha.

Igoki hakufa. Nawaambia mapema msije mkangoja. Daktari aliniruhusu nibaki naye katika hospitali ya Embu, na kazi yangu ikawa kuondoa nyama iliyokufa kwa kibano, kuosha, kufunga bendeji, na kumlisha maziwa na mayai kwa kijiko. Homa ilishuka. Alinenepa kidogo. Siku moja nikimfunga bendeji aliniuliza, "Baba akirudi atanijua?"

"Atakujua."

"Kwa nini?"

Nilikaza fundo la bendeji. "Kwa sauti yako."

Alifikiri. Maneno yake yalikuwa yanavujia kwenye lile tundu, na yeye mwenyewe alisikia. "Sauti nayo imebadilika," alisema.

Kisha likaja lile ambalo Daktari alikuwa amenionya juu yake. Kidonda kilipopona, kovu lilijikunja na kukaza kama kamba mbichi inapokauka, likafunga taya la chini kwenye la juu. Wiki moja kidole changu kiliingia kati ya meno yake, wiki iliyofuata mpini wa kijiko, halafu hakikuingia kitu. Tulichonga kabari za mbao, tukazisukuma kati ya meno kila asubuhi akilia kupitia puani. Tulichopata asubuhi tulikipoteza kufikia kesho yake. Aliruhusiwa kutoka na akarudishwa kijijini kwa mama yake, akiwa mtoto anayeishi kwa uji mwepesi unaopenyezwa palipo na nafasi kando ya kovu, shuka limefunika nusu ya uso. Wenzake walimwogopa. Nilimwona kila mwezi kazi ilipotupeleka, na kila mwezi nilimletea maziwa, na kila mwezi sikuwa na kitu kingine cha kumletea.

Njeru aliachiliwa Hali ya Hatari ilipokuwa inaelekea kwisha. Alipitia Meru kwanza. Aliingia kliniki kupitia mlango wa mbele kama mgonjwa, akaketi kwenye benchi, na nilimpita mara mbili kabla ya kumtambua. Hakuwa na meno ya mbele. Sikumuuliza yalikokwenda.

Rwamba alikuwa bado hajapata njia ya kumweleza habari za Igoki. Njeru alikuwa amesikia maneno njiani tu.

"Niambie kwa lugha ya kazi, Hadija," alisema. "Kama unamweleza Daktari."

Nikamweleza hivyo. Kidonda kilianzia wapi, kimekula nini, kimebakiza nini.

"Taya linafunguka kiasi gani?"

"Halifunguki, Baba Igoki."

Alitazama mikono yake. "Mlimchoma penisilini siku ile ya kwanza?"

"Sindano moja."

"Moja," akarudia. Daktari Kanti alitoka chumba cha nyuma, akamwona, akaketi kando yake pale kwenye benchi la wagonjwa. Watoto waliokuwa wanangoja wakasogea kuwapa nafasi.

Rwamba ndiye aliyenisimulia walivyokutana. Igoki alijificha ndani aliposikia baba yake amefika. Njeru hakumfuata. Alikaa nje, akaupa mlango mgongo, ili asimtazame kabla mwenyewe hajataka kutazamwa. Alikaa hivyo mpaka jua likawa kali. Mwishowe Igoki alitoka akaketi nyuma yake, mgongo kwa mgongo, na hivyo ndivyo walivyozungumza siku ya kwanza.

Njeru aliacha habari za kazi, akashughulika na taya la binti yake. Alichonga kabari nyembamba kuliko zetu, akazilainisha kwa mafuta, akasukuma kidogo kidogo kwa miezi. Tulimpeleka Nairobi, Daktari Kanti akaomba kwa kila aliyemfahamu, na daktari mmoja wa upasuaji akalikata lile kovu. Igoki alirudi akiweza kuingiza ncha ya kidole mdomoni. Alinionyesha akiwa amefurahi. Alikuwa anakaribia kuvunja ungo, na alikuwa ameanza kushona, na alizungumzia kwenda kufanya kazi kwa mwenye duka la nguo, chumba cha nyuma, ambako watu hawaingii. Kovu likajikunja tena. Yule daktari wa Nairobi alisema akilikata mara ya pili litafunga vibaya zaidi.

Sasa fikirini nyinyi mnaojua meno. Kinywa kisichofunguka hakisafishiki. Uji unakaa humo. Mswaki hauingii, kioo hakiingii, na jino la nyuma linaoza polepole mahali ambapo hakuna anayeliona. Lilipoanza kumuuma, Njeru alijua ni lipi kwa kupapasa kwa nje. Alimleta Meru uvimbe ukiwa kwenye shavu, na alipofika ulikuwa umeshuka chini ya taya.

Daktari Kanti alichanja kwa nje, akatoa usaha. Tukamchoma penisilini, safari hii bila kuhesabu. Uvimbe ulishuka kwa muda, kisha ukaenea shingoni, ukawa mgumu kama mbao. Ulimi ulisukumwa juu. Tulimkimbiza hospitalini, Daktari akiendesha, Njeru amemwegemeza Igoki ubavuni mwake kwenye kiti cha nyuma.

"Ningepata upana wa kidole tu," Daktari alikuwa anasema, akiiambia barabara. "Upana wa kidole, ningeling'oa."

Walitaka kumfungulia njia ya pumzi shingoni. Hakufika kwenye meza ya upasuaji. Alikufa kwa jino, akiwa mikononi mwa watu watatu waliokuwa wameyapa meno maisha yao.

Nimewasumbua sana, najua, kuhusu mtoto anayetoka kuugua surua na ufizi unaotoa damu. Nimewafanya mwache chakula chenu mkamwangalie mtoto aliyeletwa kwa jambo jingine kabisa. Baadhi yenu mlisema bibi huyu ana wazimu wa ufizi. Sijui nimewaokoa wangapi. Ninayemjua kwa jina ni mmoja, na huyo hatukumwokoa.

Njeru alirudi kazini kwa asubuhi moja tu, baada ya mazishi. Baadaye alishuka Kiambere kwa ndugu zake, akachunga mbuzi huko wakati Tana ilikuwa bado mto tu, na alikufa kabla ya bwawa la umeme. Lakini asubuhi ile alikuja, Daktari akampa aproni, na hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mvulana wa jirani yetu Majengo, mtoto wa muuza nyama kama mimi, jino la utoto limelegea na kuoza. Aliketi kwenye sanduku akafumba mdomo. Mama yake alimbembeleza.

"Fungua, mwanangu. Fungua kidogo tu."

Mvulana alitikisa kichwa, midomo ameibana mpaka ikapauka. Mama akamwahidi mandazi, akamtisha kwa baba yake, akambembeleza tena. Njeru alikuwa amesimama nyuma ya kiti, kiganja kimeshafika kwenye paji la mtoto. Aliinama, akamwambia kitu kwa Kiembu, ambacho mtoto wa Majengo hakuweza kukielewa. Mimi nilielewa, kwa miaka niliyofanya naye kazi. Alimwambia, "Fungua. Wewe unaweza."

Mvulana akazidi kubana. Njeru alingoja. Kisha aliondoa mkono, akafungua kamba za aproni, akaiweka juu ya mkono wa kiti, akatoka. Tulimsikia akipita chumba cha mbele, na mlango ukafungwa taratibu, kwa namna yake ya kufunga milango kliniki ikiwa na watoto.

Mvulana aligeuka kumtazama, akaduwaa, mdomo wazi. Daktari Kanti hakupoteza nafasi. Nilishika kichwa, jino likatoka mara moja, hata hakuwahi kulia.

Alitema damu kwenye beseni, akafuta kidevu kwa kiganja, akaniuliza kwa nini yule mzee alikuwa analia.

Nikamwambia anaumwa na jino.